Sala ya Mvua Mwezi wa Nane

Sala ya kwanza niliyoomba kwa sauti mbele za watu niliinakili mara kumi na moja. Nakala ya tano niliitupa kwa sababu ya koma. Ya tisa niliichana kwa sababu herufi moja ilijikunja vibaya kuliko nyingine, nikahofu Mungu atadhani nimeandika kwa haraka. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na niliamini kwa moyo wote kwamba sala ni karatasi.

Imani hiyo sikuipata kanisani. Niliipata nyumbani, kwa baba. Alikuwa karani bandarini Mtwara, na hakuna gunia la korosho lililopanda meli kabla karatasi yake haijapita mikononi mwake. Jioni, akivua viatu, alitusimulia habari za karatasi kama wanaume wengine wanavyosimulia mpira: ile iliyokuwa na tarakimu moja zaidi, ile iliyopigwa muhuri juu chini, yule bwana mkubwa aliyekuja na suti na bado akarudishwa kuandika upya.

"Karatasi yenye kosa haivuki lango," alisema, "hata aliyeileta awe nani."

Nilimwona mtu mkubwa kuliko meli zenyewe. Bado namwona hivyo.

Fomu zilizokosewa alizileta nyumbani kwetu, kwenye kota za bandari, kwa sababu upande wa nyuma ulikuwa mweupe. Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kwenda sekondari, na wenzangu walipoanza kuvaa sketi mpya mimi nilibaki na rundo la fomu. Hizo ndizo zilizokuwa shule yangu. Nyuma yake nilinakili kila kitu nilichokiona kimeandikwa vizuri: matangazo, barua za kanisa, maelezo kwenye makopo ya dawa. Baadaye nikaanza kuandika sala. Niliandika sala kwa ajili ya wagonjwa, kwa ajili ya wasafiri, kwa ajili ya mama anayejifungua, na kila moja nikaipa kichwa cha habari na kuipigia mstari kwa rula. Mama aliwaonyesha wanawake wa kanisani. Wakasoma, wakatikisa kichwa, wakasema mtoto huyu ana kipawa. Nilisimama nyuma ya mlango nikisikiliza. Naungama: nilisikiliza mpaka mwisho.

Usharika wetu wa mjini ulijaa watu wa kuja. Walimu, wauguzi, makarani, karibu wote walitoka bara kama sisi, ambao kwetu ni nyanda za juu, kwenye baridi na viazi. Lakini tulikuwa na kanisa dogo lililolelewa na usharika wetu kule Mahurunga, karibu na mto Ruvuma, na huko waumini walikuwa wakulima wenyeji. Kila mwaka, mwezi wa nane, watu wa mjini walipanda lori kwenda kusali nao shambani, ingawa sisi wa nyumbani kwetu tulikuwa bado hatujawahi kwenda. Si kanisani, shambani hasa. Mkulima mmoja alichaguliwa, wote wakasimama katikati ya mikorosho yake, na mtu mmoja akaongoza sala kwa ajili ya mashamba yote. Aliyeongoza alisema ombi, na watu wakajibu "Na iwe!" baada ya kila ombi. Mwishoni ikaja Amina.

Mwaka ule, mwishoni mwa miaka ya tisini, mwinjilisti wa Mahurunga aliomba kijana kutoka mjini ndiye aongoze. Wazee wa kanisa hawakukaa hata dakika mbili. Wakanitaja mimi.

Niliandika kwa wiki tatu. Kwetu, kuombea mashamba ni kuomba mvua. Sikuwahi kusikia sala ya shamba isiyokuwa na mvua ndani yake, na baba na mama pia hawakuwahi. Basi nikaandika sala ya mvua ambayo mpaka leo, nikiwa peke yangu, naweza kuikariri na kuona haya na fahari kwa pamoja. Niliomba mvua kubwa. Niliomba mvua ya siku saba. Niliomba itiririke kwenye matawi, ioshe kila jani, na lisibaki ua hata moja ambalo halijaguswa. Nilikuwa nimesikia mahubiri kwamba Mungu wetu ni mkarimu, hapungukiwi, na anayemwomba kidogo anamdharau. Sikutaka kumdharau.

Baba aliipitia nakala ya kumi kwa kalamu mkononi, kama anavyopitia shehena. Alikuta kosa moja, nafasi kubwa mno kati ya maneno mawili, nikanakili ya kumi na moja. "Hii inavuka," akasema.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndilo kosa lenyewe. Tulikuwa tumekaa Mtwara miaka minne. Baba aliijua korosho kwenye gunia: uzito wake, unyevu wake, daraja lake, sauti yake ukiitikisa kiganjani. Hakuna aliyemshinda. Lakini korosho ilimfikia ikiwa imekwisha kuwa korosho. Ua lake hatukuwahi kulitazama, baba wala mimi.

Shamba lililochaguliwa lilikuwa la bibi mmoja mjane. Alitupokea akiwa amevaa kanga mbili, moja kiunoni na moja begani, akacheka kabla hajasalimiwa.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye wa karatasi? Nimeambiwa una sauti. Haya, sema wasikie mpaka Msumbiji."

Mikorosho ilikuwa imechanua. Vishada vyekundu na vya rangi ya maziwa vilijaa kila tawi, na majani yalikuwa na vumbi la njano. Nilidhani ni vumbi la barabara. Harufu kama ya kiberiti ilinikaa kooni, nikakohoa, nikakunjua karatasi yangu.

Niliomba amani. "Na iwe!" Niliomba afya ya watoto. "Na iwe!" Walijibu kwa kishindo, nikasikia miguu yangu ikipata nguvu. Nikavuta pumzi, nikafika kwenye mvua.

"Bwana, fungua mbingu juu ya maua haya."

"Na iwe!" Hiyo ilikuwa sauti ya baba, peke yake.

Nikadhani hawakusikia. Nikapaza sauti. "Tupe mvua kubwa, Bwana, mvua ya siku saba!"

"Na iwe!" Baba tena, na mwalimu mmoja wa mjini aliyechelewa kidogo.

"Ioshe kila jani, na lisibaki ua hata moja..."

"We baba wa mtoto!" bibi akapiga kelele. "Nyamaza! Usimwitikie! Utatumaliza!"

Kisha akaangua kicheko, na wanawake wote wa Mahurunga wakacheka naye, wengine mikono kichwani. Mwinjilisti alijaribu kutocheka akashindwa. "Bwana," akasema haraka, amefumba macho, "umeuona moyo wa mtoto huyu. Sisi wengine tunaomba jua. Amina."

"Amina!" wakaitikia wote. Ile Amina ilikuwa yake. Ya kwangu haikuwepo.

Bibi alinishika mkono, akanivuta mpaka kwenye tawi. "Tazama," akasema. Hakuwa na hasira. "Kishada hiki ndicho kinazaa korosho. Kikilowa sasa hivi, kinaingia ugonjwa, kinakauka cheusi. Na hii njano ni salfa, dawa yake. Imepulizwa juzi. Mvua ikinyesha inaoshwa yote, na mimi sina nyingine mwaka huu. Umeelewa? Hapa kwetu mvua mwezi wa nane ni adui."

Nilielewa. Laiti nisingeelewa vizuri hivyo. Tulipopanda lori, vijana waliokaa kwenye uzio walinipungia. "Mwenye mvua huyoo! Anueni makopa!" Makopa ni muhogo uliomenywa na kuanikwa juani, na vipande vyake vyeupe vilikuwa vimetandazwa mbele ya kila nyumba. Wanawake wawili wakajifanya wanaokota vyao mbio. Watu wa lori walicheka njia nzima. Mimi nilitazama nyuma, upande wa mto, na nikaona wingu.

Wingu lilikuwa moja tu, lakini nilijua limetoka wapi. Nilikuwa nimeandika bila kosa. Karatasi yangu ilikuwa safi, hakuna herufi iliyojikunja, na baba mwenyewe alisema inavuka. Kama ingekuwa na kosa dogo ningekuwa na matumaini.

Siku ya pili mawingu yakawa mengi. Nilimuuliza baba, kama mtu anayeuliza tu: "Baba, karatasi ikishavuka lango, inaweza kurudishwa?"

Alifikiri kwa makini, kwa sababu ni mtu wa haki. "Kabla haijapanda meli, ndiyo. Ikishapanda, basi."

Nilichukua fomu nikaandika sala ya kufuta ombi. Niliandika kwamba ombi lililotolewa shambani lisishughulikiwe, kwamba mwombaji hakuwa na taarifa kamili, na kwamba mikorosho ya bibi isiguswe. Nilinakili mara nne. Nilipiga magoti, nikaisoma, nikaona sentensi ya pili haijakaa sawa, nikaanza upya. Ndivyo nilivyokuwa: nyumba inaungua, mimi natafuta ndoo isiyo na doa.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, matone yakaanza kugonga bati la kota. Nilitoka nje nikasimama uani, uso juu, nikilia. Jirani yetu, mama wa Kiislamu wa ukoo wa Mikindani aliyeuza vitumbua, alinikuta pale akiwahi kufunika jiko lake. Habari zangu alikuwa nazo tayari, mji mzima ulikuwa nazo.

"Ndiyo yako hii?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi mwambie Mola aizuie. Kwani umemwomba mara moja akafunga duka?"

Sikuweza hata kutabasamu. Nilichoma jikoni karatasi zote, sala ya mvua na ile ya kuifuta, na nikaapa kimoyomoyo kwamba sitaomba tena kwa sauti maisha yangu yote. Niliona ni hatari kumpa mtoto kama mimi mdomo mbele ya Mungu anayesikia.

Mama ndiye aliyekata shauri. "Mtoto hali chakula. Mpeleke akaone kwa macho." Jumamosi baba akaomba nafasi kwenye gari lililokuwa linakwenda Mahurunga, tukaenda. Alivaa shati lake la kazini, lile la mikono mirefu, kama mtu anayekwenda kujibu mashtaka. Sijasahau shati lile. Kosa lilikuwa langu na yeye alikwenda amelivalia.

Bibi alikuwa jikoni kwake, kibanda cha makuti, akisonga ugali. Hakunyanyuka. "Karibuni. Mwenye mvua, kaa hapo, usipige chafya."

Baba akaanza: "Mama, tumekuja kuomba radhi. Nilipaswa kuikagua..."

"Kukagua nini? Sala?" Akageuza mwiko. "Baba, keti. Hiyo ni kazi yako ya bandarini, umeileta mpaka huku?"

Nikauliza nilichokuja kuuliza. Sauti ilitoka ndogo. "Bibi, maua yamekufa?"

"Ilinyunya hapa. Kidogo. Mikorosho miwili ya kule bondeni maua yake yameharibika. Mingine ipo, kaitazame ukipenda, salfa bado imeshika."

Miwili. Nilianza kulia tena, na hapo ndipo bibi alipoweka mwiko chini.

"Sikiliza. Mimi sikusoma. Lakini wewe unadhani Mungu ni karani? Unampelekea karatasi, anatazama kama imeandikwa vizuri, anapiga muhuri, twa, mvua? Hata kama inaua?" Akamgeukia baba. "Nisamehe, baba, karani ni mtu mzuri."

"Endelea, mama," baba akasema.

"Mjukuu wangu mdogo, yule anayetambaa, anakiona kisu hiki kila siku. Anakinyooshea mkono, analia, anakitaka kweli kweli. Sijampa hata siku moja. Lakini pia sijamfukuza jikoni. Namkatia kipande cha muhogo mbichi, anatafuna, ananyamaza. Alikuwa na njaa tu, hakujua jina la anachotaka. Wewe ulitutakia mema. Ukayaita mvua."

Nikasema kwamba mvua ilikuja, kwa hiyo nilisikilizwa.

"Kwani uliomba peke yako?" Sasa alikuwa anacheka tena. "Siku ile ulipoondoka, mimi niliingia ndani nikamwambia, Baba, umemsikia yule mtoto wa mjini, ana maneno mazuri sana, lakini wewe unajua mikorosho ni ya nani. Tulimwomba wawili. Alitusikia wawili. Wewe akakupa matone yako usikate tamaa, mimi akaniachia maua yangu. Mwenye kupungukiwa ni nani hapo?"

Kuhusu mikorosho ile miwili hakusema kitu, na mimi sikuuliza. Nimefikiri sana habari zake tangu siku hiyo, na sitadanganya kwamba nina maelezo. Tulikula ugali kwa kisamvu. Baba alikula sana. Tulipotoka alikwenda mwenyewe mpaka kwenye mkorosho wa karibu, akalisogelea ua kwa miwani yake, akalitazama kwa muda mrefu, mikono nyuma, kama asiyetaka kuligusa bila kibali.

"Kumbe huanzia hapa," akasema.

Mwezi wa kumi na moja mwinjilisti alikuja mjini na kifurushi cha korosho zilizokaangwa, zimefungwa kwenye kitambaa cha kanga. Zilitoka kwa bibi. Niliziweka mezani na kwa siku nzima sikuthubutu kula. Nilijua kila moja ilikuwa ua ambalo nilikuwa nimeliombea mvua. Mama akaniambia aliyepewa zawadi hula. Nikala. Zilikuwa tamu, na ndiyo mara ya kwanza niliposema asante kwa Mungu bila kufikiri sentensi itaishaje.

Lakini kwa sauti, mbele za watu, bado sikuomba. Kwenye ibada za nyumba kwa nyumba zamu ilipofika kwangu nilitikisa kichwa, na aliyekaa kando yangu akapokea.

Halafu mvua zikachelewa. Desemba ikaisha, udongo ukiwa mkavu. Watu wa Mahurunga hulima mpunga kwenye bonde la Ruvuma, na mbegu zilikuwa zimekaa ardhini zikingoja. Mwinjilisti alikuja tena, safari hii bila kifurushi.

"Bibi anakusalimu," aliniambia. "Anasema: sasa lete ile sala."

"Niliichoma."

"Hilo nilimwambia linawezekana. Akasema, muulize kama amechoma na mdomo."

Nilikataa. Mama alinibembeleza, sikusikia. Baba hakunibembeleza. Jioni alileta fomu mpya, safi, isiyokuwa na kosa lolote, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Akaiweka mbele yangu pamoja na kalamu, akaondoka. Nilikaa nayo mpaka nilipoitwa kula. Niliandika neno moja, "Baba," na halafu sikujua kama nilikuwa nimeanza sala au nilikuwa namwita yule aliyenipa karatasi. Nikaikunja hivyo hivyo, na neno lake moja, nikaitia kwenye sidiria, nikaenda nayo Mahurunga.

Tulisimama bondeni, udongo umepasuka chini ya miguu. Walikuwa wengi kuliko mwezi wa nane. Bibi alisimama mbele kabisa, mikono kiunoni, ananitazama kama anayengoja chungu kichemke. Karatasi sikuitoa.

"Baba," nikasema. Nikasikia mtu anakohoa. "Mwezi wa nane nilikuomba vibaya. Ukatuhurumia. Sasa... sasa tunaiomba ile. Ile ya siku saba. Kama una zaidi, toa. Wewe unajua mpunga ni wa nani."

Ilikuwa sala mbovu. Haikuwa na kichwa wala mpangilio, nilirudia neno moja mara tatu, na katikati kamasi zilinitoka. Lakini sikuwa nimemaliza neno la mwisho, bibi akaitikia kwanza kuliko wote.

"Na iwe!"

Na watu wote wakafuata, kishindo ambacho sijawahi kukisikia tena kanisani, mjini wala kijijini. Baba alikuwa nyuma kabisa. Sauti yake haikuwa peke yake. Nilijaribu kuisikia kati ya zile nyingine nikashindwa, na nikafurahi kwamba nimeshindwa.

Ilinyesha siku ya sita. Sisemi niliileta mimi. Kule bondeni waliomba watu wengi, na mvua ile ilinyeshea pia mashamba ya watu ambao hawakuomba kitu. Nasema tu kwamba ilipoanza kugonga bati la kota nilitoka uani tena, pale pale, na jirani yetu akanikuta tena akifunika jiko lake. Alinitazama, akatazama juu. "Hii sasa ndiyo," akasema.

Leo nina miaka ishirini na mitatu. Mji umebadilika, malori ya watu wa gesi yanapita kwenda Msimbati, na baba amestaafu ingawa bado anasahihisha barua za kila mtu. Mimi nafundisha watoto wa kanisani kuomba. Bado naandika upya barua mara nne, wasiwasi haujaniacha, na nisingependa mtu adhani umeniacha. Lakini watoto wale siwaandikii sala. Nawaachia waseme, na wakisema vibaya tunaitikia.

Mwezi wa nane uliopita nilikwenda Mahurunga kumwona bibi, ambaye sasa hatoki sana nje. Mikorosho ilikuwa imechanua. Nilipofika kwenye nyumba za kwanza, mwanamke mmoja alisimama, akakinga macho kwa kiganja, akanitambua.

"Mwenye mvua kaja!" akaita. "Anueni makopa!"

Walicheka, lakini wawili watatu waliinama kweli wakaanza kuokota. Nilitazama juu mara moja, kuhakikisha. Anga ilikuwa safi. Nikapita katikati yao, kichwa juu, kwenda kwa bibi.